Kitufe Chenye Picha ya Gari Linaloserereka

Jamani wenzangu wa cherehani, nimechoka kusimulia kipande kipande. Mmoja anataka habari za gauni, mwingine anataka habari za chakula, na mwenye nyumba kanisimamisha mlangoni anauliza tope lililokauka juu ya paa la gari limepandaje juu ya paa. Basi leo nimekaa, nimeandika yote. Someni, mcheke, halafu mniache nishone.

Mnakumbuka nilivyoondoka. Nilikuwa nampeleka Venera, binti wa kaka yangu Leonsi, akaolewe na mchumba wake, mwalimu Kastori, huko Mwazye, Ufipani kwetu. Ndoa ilikuwa imeahirishwa mara mbili: mara ya kwanza msiba upande wa bwana harusi, mara ya pili msiba upande wetu. Safari hii Padre alitoa Jumamosi moja tu, misa ya saa nne asubuhi, kwa sababu Jumatano inayofuata ni ya Majivu na Kwaresima ikianza hakuna harusi mpaka Pasaka ipite. Wazee wa kwa Kastori walikuwa wameshaanza kunong'ona kwamba ndoa inayokataa mara tatu ina neno. Venera alikuwa anacheka mchana na kulia bafuni. Kwa hiyo mwelewe, sikuwa na nafasi ya kuchelewa hata kidogo.

Temeke hadi Kitonga

Tuliondoka mimi, Venera, gauni lake kwenye mfuko mrefu limelala kiti chote cha nyuma, na Mama Mjapani. Huyo Mama Mjapani wengi wenu mnamjua: ni ile sauti inayotoka kwenye dashibodi kila nikiwasha gari, maneno mengi laini ya Kijapani ambayo hakuna anayejua maana yake. Venera alizoea kumjibu, "Marahaba, mwanangu," na tukaenda.

Gari lenyewe mnalijua, mtumba wangu mweupe. Siku hizi biashara huria imewezesha hata fundi cherehani kushika usukani, ila mtumba unakuja na mafumbo yake. Muuzaji alinieleza kila kitufe isipokuwa kimoja kilicho kushoto kwa usukani. Alikitazama, akakohoa, akasema, "Hicho achana nacho."

Nami nilikitazama kwa makini. Kina picha ya kigari kidogo kinachopanda, na nyuma yake mistari miwili iliyopindapinda kama njia ya nyoka. Maana yake ilikuwa wazi kabisa: ukibonyeza, gari linaserereka. Venera aliniuliza ni mwendawazimu gani atengeneze kitufe cha kuserereka. Nikamwambia Wajapani wana theluji, labda wakichoka kazi wanacheza nacho. Tukakubaliana kwamba mkono wa mtu usikiguse mpaka turudi.

Sasa, Kitonga tulipanda mvua ikinyesha, mbele yetu lori linapumua moshi. Nilikanyaga mafuta nilipite, magurudumu yakateleza kidogo juu ya lami, na ghafla kwenye dashibodi ikawaka taa ya njano, inapepesa, inapepesa. Picha ni ileile! Kigari na mistari yake ya nyoka.

"Shangazi, umekigusa!" Venera akapiga kelele.

"Sijakigusa!"

"Basi kimejigusa!"

Taa ikazima yenyewe. Tulivuka Kitonga tukiwa tumenyooka vitini kama tunapigwa picha ya pasipoti.

Tunduma

Taa iliwaka tena mara mbili njiani, kila palipokuwa na maji barabarani. Kwa hiyo Tunduma, kabla ya kuiaga lami, nilitafuta fundi. Nilimpata kijana mwenye heshima zake, akafungua boneti, akaweka kijiti sikioni na ncha yake kwenye injini, akasikiliza kwa muda mrefu sana.

"Mama, injini nzima," akasema. "Breki nzima. Shida ni taa."

"Taa ina shida gani?"

"Inawaka."

Alitafuta waya wa kuizima, hakuupata. Akatoa plasta nyeusi mfukoni, akakata kipande kwa meno, akaibandika juu ya ile taa, akaikandamiza kwa kidole gumba. "Sasa haikusumbui. Safari njema, mama."

Na mimi, msinicheke, nilimshukuru kwa moyo wote. Venera alisema ni sawa na kumpa mgonjwa nafuu kwa kuficha kipimajoto, lakini nilimwambia afunge mdomo, tuna safari.

Laela

Kutoka Tunduma ni udongo. Na mwezi wa pili, udongo wa kwetu mnausikia tu. Karibu na Laela lori la mahindi lilikuwa limelala katikati ya barabara kwa raha zake, huku foleni ya magari mbele na nyuma imegeuka kuwa soko. Watu wametandika khanga, wanauza ndizi, wanaume wanabishana jinsi ya kulikwamua lori bila kulisogelea.

Tukaingia kwa mama mmoja mwenye kibanda cha chakula. Akatuletea ugali wa ulezi, mweusi, moto, na maharage yaliyoungwa karanga. Jamani! Miaka mingapi nakula sembe ya Dar na kujidanganya kwamba nimeshiba? Nilikula mpaka nikalegeza mkanda. Venera yeye alikuwa anadonoa, kwa sababu mnajua tulivyolibana lile gauni kiunoni.

Mama akasimama kashika kiuno. "Huyu mwana anaumwa?"

"Anaolewa," nikasema.

"Basi ndiyo anaumwa zaidi. Kula, mama. Mwanamume wa Kifipa ataoa mwiko?"

Akamwongezea tonge. Venera akalitazama, akanitazama, akala. Akala la pili. Lori lilikaa pale saa nyingi, na mama yule hakukubali sahani ya Venera ikae tupu. Lilipovutwa hatimaye na trekta, bibi harusi wangu alikuwa anapumua kwa mafungu, na mimi nilijua kuna mishono miwili ya kufumua usiku ule. Basi ile mishono mliyoniuliza nani kaiharibu, ni mama wa Laela.

Malangali

Kaka Leonsi anakaa Malangali, pembeni ya mji wa Sumbawanga, nyumba huku, shamba la mahindi kule. Ujana wake wote aliendesha malori, na alipoliona gari langu aliligonga kwa kiganja kama anayenunua mbuzi.

"Felista, gia ziko wapi?"

"Linabadilisha lenyewe, kaka."

"Lenyewe?" Akaingia, nikawasha, Mama Mjapani akaanza maneno yake. Kaka akageuka kutazama kiti cha nyuma. "Shikamoo," akasema, maana sauti ilikuwa ya mtu mzima. Venera alicheka hadi akaketi chini barazani.

Mvua haikukatika Ijumaa nzima. Kwa desturi ya kwetu bibi harusi hutolewa nyumbani kwa baba yake akiwa amevaa kamili, mbele ya mama zake na shangazi zake. Huwezi kumtoa na khanga eti atavaa huko mbele, ni kama kutoa zawadi bila kuifunga. Nilijaribu kueleza habari za tope. Nikatazamwa. Nikaenda kupiga pasi shela.

Kwa hiyo Jumamosi alfajiri Venera alitoka ndani kavaa gauni lote, shanga zote mlizonisaidia kushona zinameta, shela kichwani, na miguuni mabuti ya mpira ya baba yake. Akina mama wakapiga vigelegele mpaka kuku wakaruka. Kaka Leonsi alikuwa na suti yake ya pekee, ya kijivu, imepigwa pasi ikasimama. Ndiye angemwingiza binti yake kanisani na kumkabidhi. Alikuwa amejifanyia mazoezi ya kutembea polepole, mke wake alinieleza, kuanzia jikoni hadi sebuleni.

Bonde la baada ya Matai

Mpaka Matai tulikwenda vizuri, tukipishana na pikipiki za wauza migebuka, samaki wanaotoka ziwani. Harufu iliingia madirishani, Venera akafunika gauni kwa blanketi. Baada ya Matai barabara ikaanza utani. Kaka alikaa pembeni yangu akiendesha kwa mdomo: "Kata kushoto. Kanyaga. Achia. Kanyaga, Felista, tope linaogopa mafuta!"

Kwenye kona moja ya mteremko, ng'ombe. Kundi zima barabarani, na nyuma yao mwanamume mrefu mwenye fimbo. Nikakanyaga breki, nikakata usukani, na mkia wa gari ukaanza kuondoka na njia yake. Niliona mtaro upande wa Venera. Niliona pembe. Halafu chini ya miguu yangu pedali ikatetemeka, krrr, krrr, gari likashtuka kama limeshikwa ukosi, likanyooka, likasimama. Ng'ombe mmoja alilamba taa.

Rozari kwenye kioo inacheza.

"Mama Maria," Venera akasema.

"Felista, umesahau nilivyosema achia breki?" Kaka akasema, lakini sauti haikuwa yake.

Tulishuka kumpa pole mwenye ng'ombe. Aliitwa Masanja, familia yake ilihamia huku na mifugo kutoka Shinyanga. "Mwangaluka!" akatuamkia, akimtazama Venera na mabuti yake. Hakuuliza kitu. Alisema tu, "Gari lenu lina akili. Gurudumu moja la mbele lilishikwa peke yake, mengine yanazunguka. Nimeliona." Sisi tulikuwa tunamshukuru Bikira Maria, hatukumsikiliza.

Tukaendelea, na hapohapo chini, kabla hata ng'ombe hawajatoka machoni, likaja bonde, na bondeni tope jekundu, na baada ya tope kilima kifupi. Nikaingia. Katikati nikakwama.

"Kanyaga!" Kaka akasema.

Nikakanyaga. Injini ikanguruma, halafu ikanywea yenyewe, kama mtu aliyezibwa mdomo. Mguu wangu uko chini kabisa, gari linanong'ona. Nikaachia, nikakanyaga tena. Ikanguruma, krrr, ikanywea.

"Umelitia mafuta mabaya," Kaka akasema. Akavua viatu, akakunja suruali ya suti, akashuka. Akaweka mawe. Akaweka matawi. Akaweka blanketi la Venera, Mungu amsamehe. Masanja akaja, wakasukuma wote wawili. Gari likanywea. Masanja alisema ana ng'ombe wa kulimia, wenye nguvu, lakini wako shambani upande wa pili, kuwafuata na kurudi ni mpaka mchana. Hatukuwa na mchana. Simu ya mkononi haikuwa na mtandao hata wa kudanganyia. Saa nne ilikuwa inakuja.

Venera hakulia. Ndilo lililonitisha. Alikaa nyuma, shela imemfunika, akasema polepole, "Shangazi, ni mara ya tatu. Labda wazee wana haki."

Moyo uliniuma, wenzangu. Nusura niegemeze kichwa kwenye usukani nilie mimi kwa niaba yake.

Ndipo Masanja, aliyekuwa kachuchumaa mbele ya gurudumu, akainuka. "Mama, kanyaga tena, mimi nitazame tu. Msisukume."

Nikakanyaga.

"Ee. Ni lilelile," akasema. "Gurudumu hili linataka kuzunguka lichimbe, lifike kwenye moramu, changarawe ngumu ya chini, halafu kitu kinalishika. Kama pale kwenye ng'ombe wangu. Gari linajishika mguu lenyewe."

Nikamtazama. Nikakumbuka ile krrr ya kwenye kona. Nikasogeza kucha, nikabandua plasta ya fundi wa Tunduma. "Tazameni," nikasema, nikakanyaga. Na pale chini, taa ya njano ilikuwa inapepesa, inapepesa, maskini, inatuambia tangu Kitonga.

Nawaeleza kama Padre alivyonieleza baadaye mezani, maana gari la parokia nalo lina mtambo huo na yeye kakisoma kitabu chake. Kila gurudumu lina kitu kinachopima linavyozunguka. Usukani una kingine kinachojua unataka kwenda wapi, na katikati ya gari kuna kingine kinachohisi mwili wa gari unageukia wapi kweli. Unachotaka na kinachotendeka vikiachana, gari linashika breki ya gurudumu moja tu, lile linalofaa, na kupunguza nguvu za injini, mpaka virudiane. Ukikanyaga mafuta na gurudumu likazunguka bure, linafanya vivyo hivyo. Kwenye lami yenye maji na kwenye kona ya ng'ombe, ni malaika mlinzi. Taa ikipepesa siyo ugonjwa, ni kazi inafanyika. Lakini kwenye tope zito gurudumu linahitaji kuzunguka ovyo kidogo, litupe tope, litafute ardhi ngumu, na malaika hajui hilo. Anaona utelezi tu. Anakushika usianguke, hapohapo unapotaka kutoka.

Siku ile sikuyajua hayo yote. Nilijua moja tu: kilichotushika kwenye kona ndicho kinachotushika hapa, na picha ya taa ndiyo picha ya kitufe. Nilinyoosha kidole, nikakirudisha. Gauni, shanga, mtoto wa kaka yangu. Kigari na njia yake ya nyoka kinanitazama.

"Kaka, nikibonyeza hiki litaserereka."

"Usithubutu!" Kaka akasema kutoka nje, tope mpaka magotini.

Mkono wenye glavu nyeupe ya lesi ukapita juu ya bega langu. "Baba, leo naolewa," Venera akasema. "Kuserereka kidogo kutanifanya nini?"

Akabonyeza.

Taa ikaacha kupepesa, ikawaka moja kwa moja. "Venera, shika kiti!" nikapiga kelele, nikakanyaga. Jamani, injini haikunywea! Ilipiga ukelele, magurudumu yakazunguka kama cherehani iliyokatika mkanda, tope likaruka juu, likapanda boneti, likapanda kioo, likapanda paa (mwenye nyumba amejibiwa), gari likayumba kulia, likayumba kushoto, Venera anapiga vigelegele peke yake nyuma, halafu meno ya magurudumu yakashika moramu na tukatoka kama kizibo.

Sikuweza kusimama. Ningesimama pale tungezama tena. Nilipanda kilima chote nikiyumba na kucheka na kulia, nikasimama juu kwenye ardhi ngumu, nikageuka kumwambia kaka kwamba tope kweli linaogopa mafuta.

Kiti chake kilikuwa kitupu.

Bondeni kule, nyuma ya mahali tulipokuwa tumekwama, walisimama watu wawili wekundu. Walikuwa wamesukuma mpaka dakika ya mwisho, na magurudumu yaliwapa tope lote la bonde. Mmoja ana fimbo. Mwingine alikuwa na suti.

Mwazye

Tuliwasubiri wapande. Masanja naye tulimchukua, maana alisema ng'ombe wana ndugu yake wa kuwatazama na yeye hajawahi kuona harusi ya namna hii. Kabla ya kuondoka nilibonyeza kitufe tena, taa ikazima, malaika akarudi kazini. Njia nzima Kaka alikaa juu ya gazeti.

Saa nne ilikuwa imepita zamani. Tulipofika tulisikia sauti ya Padre kutoka ndani, inahubiri. Wale wa nje walituambia amehubiri juu ya wanawali kumi, akamaliza, akatazama mlango, akaanza juu ya Nuhu, akamaliza, akatazama mlango, na sasa yuko jangwani na Waisraeli mwaka wa ishirini na kitu. Watoto walikuwa wamelala. Kastori alikuwa amesimama mbele peke yake, hajaketi tangu asubuhi. Wazee wake walikuwa wanatazamana.

Venera akavua mabuti, akavaa viatu. Gauni, wenzangu, halikuwa na doa. Hata moja! Niliomba tu kaka apewe dakika ajioshe kisimani.

"Hapana," Venera akasema. "Asijioshe." Akamshika mkono. "Baba, twende."

Padre aliwaona mlangoni, akakata sentensi katikati, akasema, "Amina." Kinanda kikaanza. Na pale katikati ya kanisa akatembea binti mweupe pee, na pembeni yake kitu chekundu kuanzia nywele hadi vidole vya miguu, kinadondosha vipande sakafuni, kinatembea polepole sana, kama kilivyojifunza kutoka jikoni hadi sebuleni. Watu walianza kucheka, halafu wakaona jinsi alivyoushika ule mkono, wakanyamaza mmoja mmoja. Hata wazee wa kwa Kastori walisimama.

Alimkabidhi. Alipogeuka kurudi kwenye benchi nilimwona uso. Kaka yangu Leonsi, aliyezika baba yetu bila kulia mbele za watu, alikuwa analia, na machozi yalikuwa yameteremka kwenye lile tope yakaacha mistari miwili, inapindapinda, kutoka machoni mpaka kidevuni.

Niliifahamu picha ile. Nikampisha akae karibu yangu, na sikumpa leso.